Uzito wa Mama kwa Jumla na Rejareja

Kazi yangu ni kupima watu nisiowajua. Kwa miaka mingi nimezunguka mitaa ya Arusha na mizani begani, ubao wa urefu mkononi na kishikwambi kwenye mkoba, nikiingia kaya hii na kutoka kaya ile, nikiuliza watu wanakula mboga mara ngapi kwa wiki, wanatembea dakika ngapi kwa siku, na kama waliwahi kuambiwa na daktari kwamba wana presha. Sisi wenye kazi hiyo tunaitwa wadadisi. Jina limenikaa vizuri, maana hata kabla ya kuajiriwa nilikuwa nauliza watu mambo yasiyonihusu.

Kazi nilijifunzia Ngarenaro. Pale nyumba zimebanana, fundi wa sofa anapigilia misumari mlangoni kwa mwenye duka, na ukiweka mizani uani wanajaa hata wale ambao hawakuchaguliwa kwenye sampuli. Mama mmoja wa Kiislamu, mwenye nyumba yenye wapangaji sita, alipanda mizani, akainama kusoma namba, akawageukia wapangaji wake amejaa furaha. "Mmeona? Na mlikuwa mnasema nimekonda tangu mwezi wa Ramadhani." Kwenye kishikwambi changu namba yake ilikuwa imeingia safu nyekundu. Niliandika nikanyamaza, kwa sababu mdadisi hatoi ushauri. Anachukua kipimo, anashukuru, anaaga.

Kwetu kumwambia mtu kwamba amenenepa ni salamu njema. Unamaanisha maisha yamemkalia vizuri, ndoa ina amani, chakula kipo. Ukipungua ndipo watu wanashusha sauti na kukuuliza kulikoni. Mimi nilikuwa najiona nimeshavuka huko. Nilikuwa na jedwali langu: unachukua kilo za mtu, unazigawanya kwa urefu wake mara urefu wake, unapata namba moja, na namba hiyo unaitafutia safu. Kuna kijani, kuna njano, kuna nyekundu. Mimi mwenyewe nipo njano, na nimekuwa njano tangu nimzae mwanangu, lakini hilo huwa silitangazi.

Naomba nisieleweke vibaya, jedwali si uzushi. Ukiwakusanya watu wengi, wengi kweli, ukawapanga kwa safu zao na kuwafuatilia, wale wa nyekundu watasumbuliwa na presha na sukari na magoti kuliko wale wa kijani. Nimeingiza namba hizo kwa vidole vyangu na ninaziamini. Kosa langu lilikuwa kwingine, na nililifanya nyumbani kwetu.

Mama yangu anaishi Meru. Alizaliwa Kikwe, kule chini kwenye tambarare, akaolewa juu mlimani, mahali ambapo unaiacha lami na kupanda katikati ya migomba mpaka unaanza kuisikia baridi ya msitu. Ana kahawa, ana ndizi, ana ng'ombe mmoja wa kufungia na kuku ambao hakuna anayejua idadi yao, hata mimi. Baba alifariki zamani na kaburi lake liko hatua chache kutoka jikoni. Mama anaishi peke yake na hajawahi kulalamika.

Mama ni mnene. Amekuwa mnene tangu ninamkumbuka, unene wa mtu aliyebeba mikungu ya ndizi mgongoni miaka arobaini. Lakini mwaka juzi goti la kulia lilianza kumsumbua, presha nayo ikapanda kidogo, na mwaka huohuo mama mdogo, mdogo wake ambaye walifanana umbo mpaka watu waliwachanganya, akapata kiharusi. Tulimzika kwenye mvua. Tangu siku hiyo kila simu iliyotoka Meru ilinitisha. Nilikuwa namtazama mama akipanda njia ya kwenda kukata majani ya ng'ombe, na badala ya kumwona mama nilikuwa naona safu.

Krismasi iliyofuata nilipanda na mizani ya kazini, nimeiomba kwa msimamizi. Nyumba ilikuwa imejaa, kaka yangu mkubwa amekuja na familia yake kutoka Mwanza. Siku ya pili, watu wameshiba na hawana la kufanya, nikaiweka mizani barazani na kumwambia mama apande. Alipanda na sweta, vitenge viwili, na viatu vyake vya mpira vya shambani.

"Mama, vua viatu."

"Usinivue. Wewe soma, halafu utoe gunia."

Watu wakacheka, maana wote tuliijua hadithi ya gunia. Miaka yote mama alipokuwa anapeleka kahawa kupimwa, karani alikuwa anakata uzito wa gunia, na kila mwaka mama alikuwa anagombana naye kwamba amelikata gunia zito kuliko lilivyo. Sasa ilikuwa zamu yake kukatiwa. Alidai sweta lina kilo nzima, vitenge nusu, na viatu tope lake peke yake ni nusu nyingine. Tulibishana kama sokoni, mwishowe nikamtolea kilo moja na nusu. Kisha nikamsimamisha kwenye ubao wa urefu, na hapo nikashtuka. Alikuwa amepungua sentimita nne kuliko nilivyompima nilipokuwa najifunza kazi. Umri ulikuwa umemfupisha, na ule ufupi ulikuwa umemnenepesha zaidi kwenye hesabu bila yeye kuongeza hata kijiko cha ugali.

Alikuwa nyekundu, tena katikati ya nyekundu.

Nikawaeleza wote palepale, kwa sauti ya kazini. Nikasema watu wa umri wake na uzito wake wako katika hatari hii na hii. Nikasema huku mlimani hospitali iko mbali, njia ina utelezi, ng'ombe anahitaji kukatiwa majani kila siku, na goti haliponi kwenye mteremko. Nikasema aje akae na mimi Lemara. Kule ni tambarare, hospitali iko jirani, na nafasi ipo: mwanangu alikuwa ameondoka mwezi wa kumi kwenda chuo Dodoma, nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Kaka aliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa nyama. Watu wa mbali huwa wepesi kukubali.

Mama alikuwa anakunja kitenge chake. Halafu akauliza, "Huo wekundu unaishia wapi?"

Nikamwonyesha mstari.

"Kutoka hapa nilipo mpaka hapo ni kilo ngapi?"

Nikapiga hesabu. Zilikuwa kilo tisa.

"Sawa. Kahawa ikianza kuiva, urudi na huo mzani wako. Ukinikuta chini ya mstari, habari ya Lemara isitajwe tena kwenye nyumba hii mpaka mnanizika. Ukinikuta juu, nafunga mzigo wangu nakuja, na hutasikia neno."

Nilikubali haraka, kwa sababu nilijua nitashinda. Kilo tisa kwa mtu wa miaka sabini, wa kula ndizi na maziwa, kwa nusu mwaka. Namba zote nilizowahi kuingiza zilikuwa upande wangu. Mama alikuwa ameweka nyumba yake rehani mbele ya wajukuu, na mimi nilimpa mkono tukashikana.

Sikuwa nimemjua mama yangu. Chai yake ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, akaviondoa vyote siku moja, akawa anainywa huku amekunja uso kama mtoto anayepewa dawa. Ugali akaupunguza nusu, mafuta akayaficha juu ya kabati ambako goti halimruhusu kupanda. Jumapili akaacha kuchukua bodaboda kwenda kanisani, akawa anashuka kwa miguu na kupanda kwa miguu, akipumzika kwenye daraja la mfereji. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi ya pili. Niligundua wakati fulani kwamba amekuwa akilala bila kula, nikamgombeza, akaniambia mchezo ukishaanza refa hatoi ushauri. Ilibidi nimweleze kwa upole kwamba kukaa na njaa si kupungua vizuri, nikamnunulia maharage na kumwandikia mpango. Aliufuata, ila kwa kujifanya hajausoma.

Ilipofika Pasaka zilikuwa zimetoka kilo sita. Goti lilikuwa limepungua uvimbe, na alikuwa anainuka kwenye kigoda bila kuniomba mkono. Nilichora mstari wa maendeleo yake kwenye daftari, ukawa unashuka vizuri kuliko mistari ya watu ninaolipwa kuwafuatilia. Nilifurahi. Ila nitasema ukweli, furaha ile ilikuwa kama wali wenye kijiwe: unatafuna, unafurahia, halafu kuna kitu kinagonga jino. Sikutaka kukitafuta ni nini.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi imeshika na ukungu umefunika migomba, nilikuwa napanda njia ya nyumbani nikaona viti vya plastiki vimetolewa nje. Vingi. Nikaona akina mama wamevaa vitenge, wamejifunga na mashuka juu, wanaimba wimbo wa kitabuni kwa sauti ya chini. Moshi mkubwa ulikuwa unatoka jikoni. Kwetu viti vikitoka nje namna hiyo asubuhi, na sufuria kubwa ikiwa jikoni, kuna harusi au kuna msiba, na harusi ningekuwa nimeambiwa.

Nilikaa ukingoni mwa mfereji, kwenye majani mabichi, mkoba mapajani. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa kwamba jedwali lilisema. Lilisema, na mimi nikamwacha huku mlimani kwa ajili ya mchezo wa mizani. Nilimwona mama mdogo kwenye jeneza lake, nikaona mvua ile, na sikuweza hata kulia.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuchota maji akaniona. "Karibu, mwanangu. Mbona umekaa kwenye umande?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Imekuwaje? Ni lini?"

"Lini nini?"

"Mama."

"Mama yako? Yuko ndani, anakula."

Sikumbuki nilivyopanda hatua zilizobaki. Ndani mama alikuwa amekalishwa kwenye kiti kikubwa cha baba, shuka limefunika miguu, bakuli la mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mkononi, na uso wa mtu aliyeonewa. Kando yake alikuwa amekaa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, mama mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyenifundisha kuhesabu kwa vijiti. Nilimwamkia mwalimu, halafu nikamshika mama mabega, nikamkagua kila upande. Nadhani nilimtikisa.

"Niache nimeze," akasema.

Mwalimu alinivuta nikakaa. "Mwanangu, tumeona tusisubiri kuitwa. Mama yako anapungua."

"Anapungua kwa makusudi, mwalimu. Tulikubaliana mimi na yeye."

Alinitazama kwa huruma iliyoniudhi. "Wote huwa wanasema hivyo. Mzee wa pale darajani alianza hivihivi. Suruali zikamlegea, akatuambia ni mazoezi. Tulimzika kabla kahawa haijakauka. Mwinjilisti wetu alisema ameacha sukari tu. Yule mama wa kwaya alisema daktari kamshauri. Wote nimewasindikiza kwa miguu yangu. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, na sisi hatutaki tena kuja na mashada wakati tungeweza kuja na chakula."

Nilitaka kumjibu kitaalamu. Lakini nilichokuwa nimekisikia kilikuwa jedwali. Halikuwa na kishikwambi wala msimamizi, lakini lilikuwa na sampuli ya mlima mzima na miaka mingi ya ufuatiliaji, ikiwemo miaka ile ambayo kila mtu wa rika letu anaikumbuka, ambapo mtu akianza kukonda watu walijua na hawakutaja. Kwao kukonda ndiyo ilikuwa safu nyekundu. Na wao, kama mimi, walikuwa wamekusanya watu wengi, wakaufanya muhtasari, wakaja kuufunika juu ya mtu mmoja na shuka lake. Sikuweza kuwacheka. Walikuwa wanafanya kazi yangu, tena bila mshahara.

Mama aliweka kijiko ndani ya bakuli.

"Nyie wawili," akasema, "niwaambie. Nilipokuwa napeleka ndizi sokoni, kulikuwa na wanunuzi wa aina mbili. Wa jumla anatazama lori. Hashiki mkungu hata mmoja, anaangalia mzigo ulivyokaa, anajua zitaoza ngapi na zitafika ngapi, na huwa hakosei. Wa rejareja anakuja na kikapu, anashika ndizi mojamoja, anaibonyeza. Sasa huyu," akanionyesha kwa kidevu, "tangu Krismasi ananinunua kwa jumla. Na wewe mwalimu umeniletea jumuiya nzima, mnaninunua kwa jumla. Mnagombania lori. Hakuna hata mmoja aliyenibonyeza."

Akina mama waliokuwa mlangoni wakaanza kucheka, mwalimu naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kuna mtu ameniuliza goti linaendeleaje?" mama akaendelea.

Mwalimu akajirekebisha kwenye kiti, akauliza kwa sauti ya darasani, "Goti linaendeleaje?"

"Linapanda mlima."

"Na usingizi?"

"Naupata."

"Unakula?"

"Si unaona mnavyonilisha."

Basi waliombea goti, kwa jina lake kabisa, na ibada ikaisha. Lakini kwetu watu wakishapanga kukuuguza hawapanguki kwa sababu tu hauumwi. Zamu zilikuwa zimeshaandikwa, na kila nyumba ilikuwa na siku yake. Kwa wiki tatu mfululizo mama aliletewa mtori, akaletewa ndizi za nyama, akaletewa loshoro ya mahindi na maziwa mgando kutoka kwa jirani ambaye loshoro yake inajulikana mpaka barabarani. Hakuna njia ya kurudisha chakula kilichoombewa. Nilimpigia simu nikamwambia aonje tu. "Nionje vipi," akasema, "na wanakaa wananiangalia mpaka niliweke bakuli kichwa chini?"

Kabla ya siku yetu ya kupima nilimpeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kuwa mtoto wangu, naye akamwamkia mama vizuri kabla ya kugusa karatasi yoyote. Alipima presha mara mbili. Akapima sukari. Halafu akapiga magoti chini na kulishika goti, akalibonyeza pole pole pande zote, huku akimuuliza hapa je, na hapa. Mama alinitazama juu ya kichwa cha yule binti, na mimi nikaangalia ukuta.

Presha ilikuwa imeshuka. Sukari haikuwa na neno. Uvimbe ulikuwa umepungua. Nikauliza kile nilichokuwa nimekuja kuuliza, kwamba je, yuko safu gani.

"Bado yuko juu kidogo," daktari akasema. "Lakini dada, ule mstari kazi yake ni kunisaidia kujua nani nimuulize maswali zaidi. Majibu nayachukua kwake mwenyewe. Amefanya vizuri. Asirudi alikotoka, na aendelee kutembea." Akamgeukia mama. "Bibi, unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Unapapenda?"

"Napapenda."

Alikuwa ameuliza kwa neno moja. Mimi nina dodoso la kurasa nyingi na swali hilo halimo.

Kahawa ikaanza kuwa nyekundu. Nilipanda na mizani asubuhi ya Jumamosi, jua limetoka na kilele cha Meru kiko wazi, siku nzuri ambayo kwa kawaida ningeisifu. Mama alinisubiri barazani, miguu mitupu, kitenge kimoja chepesi, bila sweta. Hakutaka gunia litolewe. Alipanda, akasimama wima, akatazama mbele kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Alikuwa juu ya mstari kwa kilo moja na nusu.

Nilisoma mara ya pili. Nikasogeza mizani pale sakafu iliponyooka zaidi, nikasoma mara ya tatu. Mama alishuka, hakuuliza namba. Aliingia ndani, akatoka na begi lake la safari, lile la mistari, limefungwa na kamba juu.

"Ng'ombe yuko kwa mwalimu tangu jana," akasema. "Kuku nimemwachia jirani, asile jogoo. Maji ya kumwagilia mboga nimemwelekeza." Akanyoosha mkono, akaniwekea ufunguo wa nyumba kiganjani. "Twende, jua halijawa kali."

"Mama, ulishafunga kabla hata hujapima?"

"Nina miaka sabini ndani ya mwili huu. Ningekosa kujua?"

Ule ufunguo ulikuwa na joto la mkono wake. Nilikuwa nimeshinda, na nilijisikia vibaya kuliko siku ya viti vya plastiki. "Mama, rudisha mzigo ndani."

"Tulipeana mkono."

"Kilo moja na nusu si kitu. Ni mtori ule. Ni maji uliyokunywa asubuhi. Nikikutolea gunia kama Krismasi uko kwenye mstari kabisa. Na ule mstari wenyewe, mama, ulichorwa kwa ajili ya watu wengi, mimi nimekosea kukuwekea wewe kama uzio. Daktari kasema umefanya vizuri."

"Usinitolee gunia. Leo sikuliomba." Aliliweka begi chini, akakaa juu yake, goti la kulia amelinyoosha. "Niambie kitu kimoja, na usinijibu kama mtu wa ofisi. Ungenikuta chini ya mstari leo, ungefurahi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi na lilikuwa la kweli nusu. Lakini nilichelewa, na mtu akichelewa kujibu swali la mama yake ameshajibu.

"Nyumba imekuwa kimya," nikasema. "Tangu mtoto aende chuo. Nikirudi kazini napika kama zamani, nakula kidogo, kingine nampa mlinzi wa jirani. Siku nzima nimeongea na watu, nikifika nyumbani sina wa kumwambia neno. Nilikuwa naogopa utakufa, hilo ni kweli, niliogopa sana. Lakini pia nilikuwa nakutaka tu. Nilikuwa nataka ukae jikoni kwangu unikosoe."

Machozi yalinitoka, mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Mama hakuja kunibembeleza. Alinitazama muda, kwa makini, kuanzia usoni mpaka miguuni, na nadhani hapo ndipo alinibonyeza.

"Ungesema hivyo Krismasi," akasema, "tusingeisumbua mizani. Mimi sukari ningeendelea kunywa."

Akainuka juu ya begi bila kushika ukuta. Akauchukua ufunguo kutoka kiganjani mwangu, akafunga mlango mwenyewe, akausukuma kuhakikisha, halafu ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, mafundo mawili.

"Wiki mbili," akasema. "Kahawa ya kwanza wataichuma jumuiya, si wamezoea kupanga zamu. Ya pili naichuma mwenyewe."

Nikabeba begi, na yeye akatangulia kushuka.